Kimbunga Kilichokuja kwa Mapanga

Jino langu moja la mbele ni la bandia. Wateja wangu wa Nshambya, mjini Bukoba, ambako nimepanga chumba na kuweka cherehani, hudhani nilianguka na bodaboda, nami nawaacha wadhani hivyo kwa sababu ajali ya bodaboda haihitaji maelezo. Ukweli ni kwamba jino hilo liling'olewa na mpini wa panga, mchana kweupe, kwenye kibanja cha marehemu baba yangu huko Muleba, kwa sababu ya kimbunga ambacho hakikufika.

Hata huko pwani kilikotabiriwa kilifika kimechoka. Watabiri wenyewe walisema vizuri tu: ni Bahari ya Hindi, ni mikoa ya pwani, wavuvi wa kule wachukue tahadhari. Kati ya pwani na Bukoba kuna nchi nzima. Lakini habari ikitoka kwa mtabiri ikapita kwa mtangazaji, kisha ikapita kwa kila mwenye simu, inafika kwetu imeota meno na kucha. Televisheni ya saluni ya jirani yangu ilikuwa inarudia picha zile zile: minazi imelala, bati linaruka, ng'ombe anaelea majini. Hakuna aliyesema picha ni za nchi gani wala za mwaka gani. Redioni alikuwepo kijana mmoja mwenye sauti ya kuuza dawa ya minyoo, kila baada ya wimbo anasema "kaeni chonjo, ndugu wasikilizaji", na nyimbo zenyewe anapiga za msibani. Mwisho ikaingia kwenye simu sauti ya mtu asiyejitaja, akisema kimbunga kitapita katikati ya nchi, kitashuka Ziwa Victoria kunywa maji ili kipate nguvu upya, halafu kitatupandia sisi.

Mtu wa mbali atatucheka. Asitucheke haraka. Sisi tulipigwa na tetemeko ambalo hakuna aliyelitangaza. Lilikuja mchana, watu wako sokoni, watu wanaosha vyombo, na nyumba zikawaangukia. Tangu siku ile tuna hesabu yetu watu wa Kagera: kama lile lililokuja kimya lilituua, hili linalopigiwa ngoma kila saa litatufanya nini? Ndiyo maana mtaa mzima wa Hamugembe ulipandisha mawe na matairi juu ya mabati. Mzee mmoja alifunga paa lake kwa kamba kwenye mti wa fenesi, na hakuna aliyemcheka, walimuuliza tu kamba kanunua wapi.

Mimi sikukiogopa kimbunga. Nilimwogopa baba mdogo.

Baba alipofariki alimwacha mama, akaniacha mimi mtoto wake pekee, tena wa kike, na akaacha kibanja. Kibanja kwetu si shamba tu. Ni migomba inayoizunguka nyumba, mibuni katikati yake, makaburi ya wenyewe upande mmoja, na ndiyo chungu cha kila siku. Na ni cha ukoo. Baba mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja, alikuwa anasema mwanamke asiye na mtoto wa kiume hawezi kukalia kibanja cha ukoo hadi kufa. Siku ya kuondoa matanga alimpiga mama kofi mbele ya waombolezaji kwa sababu alimkuta amekalia kiti cha marehemu. Nilimrukia shingoni. Wajomba walinibandua kama kupe. Wazee wakasema masika yakipungua watakaa kikao, waamue kama mama anabaki au anarudi kwao alikozaliwa.

Hapa lazima nieleze desturi moja ya ukoo wetu. Mtu akiamua kukiacha kibanja cha ukoo, haandiki chochote. Anakata mgomba wenye mkungu mchanga, anauacha ulale chini na mkungu wake, watu wakiona. Ndiyo ameaga. Kuanzia hapo hana neno tena juu ya kibanja hicho, hata alie damu. Kukata mkungu uliokomaa ni kuvuna, kila mtu anavuna. Kukata mchanga kwa makusudi ni kuaga. Hilo nililijua mapema kwa sababu nikiwa mtoto nilichezea panga, nikaangusha mgomba ambao mkungu wake ulikuwa bado vidole vya mtoto, na baba akanichapa mpaka fimbo ikakatika, akaenda kukata nyingine. Alikuwa mtu mpole maisha yake yote isipokuwa siku hiyo.

Sasa sikiliza ushauri uliokuwa unazunguka kwenye simu. Ulisema kwamba nchi zenye vimbunga hukata majani ya migomba mapema ili upepo ukose pa kusukuma, na ile iliyobeba mikungu mizito huangushwa kabisa isije ikaivuta mingine. Huenda huko ni kweli. Sikubisha. Ila niliposikia kwamba huko kijijini anayetembea nyumba hadi nyumba na kipaza sauti akihimiza watu wakate ni baba mdogo, nilifunga cherehani, suruali ya harusi ya mteja ikiwa bado haina pindo, nikapanda gari la Muleba.

Nilisikia kijiji kabla ya kukiona. Yalikuwa mapanga. Chwa, chwa, chwa, kila upande, na baada ya hapo mshindo wa mgomba unaoanguka, maana mgomba ukianguka unaguna kama mtu. Kijiji kizima kilikuwa kinachinja. Wanaume walikuwa vifua wazi, utomvu umewakaukia mikononi na kuwa mweusi kama damu ya jana. Mama mmoja alikuwa anakata huku analia kwa sauti, akifuta kamasi kwa mkono wa panga. Mbuzi wanakula majani mabichi mpaka wanacheua. Mikungu michanga ilikuwa imelala njiani, nami niliiruka mmoja mmoja kama mtu anayepita juu ya waliolala.

Kwetu migomba ilikuwa imesimama. Mama alikuwa amefunga kanga kiunoni, anachimbia miti yenye panda na kuegemeza mgomba baada ya mgomba, halafu anafunga mti na mgomba kwa kamba za magome makavu ya migomba, fundo juu ya fundo. Kwetu mgomba uliobeba huegemezwa siku zote. Ile methali inayosema mgomba haushindwi na mkunguwe, aliyeitunga hakuwahi kulima Muleba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwana wange. Shika hapa. Usiongee, shika."

Nikashika. Tulifanya kazi hadi jua likawa la utosini. Nikamuuliza kwa nini hakati kama wengine, haogopi?

"Naogopa," alisema. "Lakini siku ya tetemeko nyumba ilianguka, migomba ikabaki imesimama. Wiki zile zote tulikula nini? Nyumba?"

Baba mdogo alikuja tukiwa tunafunga mgomba ulio karibu na kaburi la baba. Ni mtu mkubwa, ana sauti. Kanisani ndiye anayenadi mavuno baada ya ibada, na akishika kuku mkononi anaweza kumfanya anunuliwe kama ng'ombe. Kipaza sauti chenyewe ni kile cha mnada. Alikuja nacho mpaka uani, akasimama hatua chache kutoka kwetu, akatupigia kelele humo humo.

"Shemeji! Kata! Unataka migomba ikuangukie na nyumba? Upepo uko njiani!"

"Karibu, shemeji," mama akasema. "Nikate upi?"

Akakishusha kipaza sauti. Sauti yake ikawa ndogo ghafla, tamu.

"Wowote. Anza na huo wenye mkungu mchanga. Uukate tu uache hapo, tutakuja kusafisha."

Nyuma yake walikuwa wamesimama majirani watatu aliokuja nao, mmoja ni mama anayeimba sauti ya pili kwenye kwaya. Mashahidi. Nikaelewa. Nikamtazama mama, nikaona ameelewa kabla yangu.

"Waitu shemeji, mkono wangu unauma leo. Labda kesho."

Hapo utamu ukamwisha. Alichomoa panga kiunoni, akamshika mama kiganja, akamwekea mpini humo na kuvibana vidole vyake kwa nguvu, akaanza kumburuta kwenda kwenye mgomba. Mama ana mwili wa kuku wa kienyeji. Miguu yake ilichora mistari kwenye udongo. Nilimkamata baba mdogo shati nyuma, likachanika lote, akanipiga kiwiko cha tumbo nikakaa chini. Alikuwa ameshaunyanyua mkono wa mama pamoja na panga, bado kuushusha tu, mama yangu, mzee wa kanisa, mtu wa kufunga na kuomba, akamng'ata. Alimng'ata mkono pale chini ya kidole gumba na hakuachia. Baba mdogo alipiga ukelele ambao haukuhitaji kipaza sauti. Panga likaanguka.

"Upepo utakuja kukuuliza," alisema akiondoka, ameshikilia mkono. Wale mashahidi walimfuata bila kutuaga.

Mama alitema mate, akasukutua, akarudi kwenye mafundo yake. Kila fundo sasa alilifunga mara mbili. Mimi nilikuwa nafikiria tu jinsi ya kumuua mtu. Nasema nilivyohisi.

Siku ya kimbunga tulijifungia ndani. Wavuvi wa kisiwa cha Bumbire walikuwa wamehama karibu wote, wameambiwa ziwa litakimeza, na mwambao wa huku ulikuwa umejaa watu wa kuja, kutoka kila mkoa na hata ng'ambo ya ziwa, hawana pa kulala wala pa kuvua. Tukasubiri. Yakaja manyunyu. Ukaja upepo, nao ulikuwa upepo wa kukausha kanga kwenye kamba. Jioni jua likatoka upande wa milima, na kutoka mlangoni kwetu Bumbire ilionekana safi kabisa, imekaa palepale majini ilipokaa siku zote. Mama akafungua dirisha, akasema asante Yesu, akaenda kukoka moto.

Redioni yule kijana akasema kimbunga kimepoteza nguvu. Alisema kwa uchangamfu, hata akacheka kidogo, halafu akaingia kwenye habari za mpira.

Nimewahi kuona watu wakifiwa, nimewahi kuona watu wakiibiwa, lakini sijawahi kuona watu wenye hasira kama watu waliookoka janga ambalo halikuja. Jumapili walishukuru. Mchungaji alihubiri juu ya rehema na watu wakaitikia. Jumatatu wakaamka, wakatoka nje, wakaona vibanja vyao. Palikuwa peupe. Unaona mpaka kwa jirani wa tatu, unamwona anavyopiga mswaki. Ndizi changa zilizokatwa hazipikiki, zina maji na uchungu, na kuiva haziivi, zinanyauka tu. Mwaka mzima wa chakula ulikuwa umelala chini, tena kila mtu ameukata kwa mkono wake mwenyewe. Ukikata kwa mkono wako utamshitaki nani?

Walianza na redio. Jirani yetu wa bondeni aliitoa yake nje, akaiweka kwenye jiwe, akaipasua kwa jembe, akaendelea kupiga hata ilipokuwa vipande, mkewe anamwambia basi, yeye anapiga. Mchana wakaenda kwenye kibanda umiza, pale wanapoonyeshea mpira na ambapo kijiji kilikuwa kimezitazama zile picha za bati linaloruka. Waliitupia mawe televisheni mpaka ikatoa moshi. Mwenye kibanda alijaribu kuwaambia yeye hatangazi, yeye ana king'amuzi tu. Wakampasua kichwa kwa chupa. Nilimwona akipelekwa zahanati amekaa nyuma ya bodaboda, shati lote jekundu, bado anaeleza.

Wavuvi nao walikuwa humo. Walikuwa wamepoteza giza zima, maana dagaa huvuliwa wakati hakuna mwezi, na giza ndilo hilo lililopita wamekaa nchi kavu wakingoja kufa. Walikuwa wamelewa rubisi. Na hasira ya mtu mgeni haina shemeji wala jirani wa kuionea haya.

Jumanne mtu akauliza swali. Sijui ni nani aliyeanza, lakini lilifika kwetu kabla ya wenyewe kufika: mbona kwa yule mama migomba imesimama?

Nikisimama uani niliona kile walichokuwa wanakiona. Kijiji kizima kimenyolewa, na katikati yake sisi, kijani tupu, mikungu imening'inia, imeegemezwa vizuri na kufungwa. Na yale mafundo. Baba mdogo alikuwa ameshaanza kuyatangaza kwa kile kipaza sauti. Kuna mtu amefunga upepo. Kuna mtu amefunga mafundo kwenye migomba, mmeyaona wenyewe, na upepo ukafungwa nayo.

Kwanza nilicheka. Kama kweli mama alifunga kimbunga, si walipaswa kumletea kuku? Lakini mwenye njaa hahesabu hivyo. Wao walisema alijua upepo hauji, akanyamaza ili wao wakate, abaki na ndizi peke yake, aringe. Na neno "mchawi" likishatamkwa kwa mwanamke mjane, kwetu huwa halirudi mdomoni. Nikaacha kucheka nikaenda kuchukua mti.

Walikuja kesho yake asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Mbele walikuwa wavuvi na mapanga ya kuazima, nyuma yao majirani, na nyuma kabisa baba mdogo, mkono umefungwa kitambaa mahali alipong'atwa, kipaza sauti mdomoni. Hakuwa na panga mkononi. Alikuwa nalo kiunoni. Alikuwa anaonyesha kwa kidole tu: anzeni kule, kule kwenye mafundo.

Sikungoja maelezo. Nilikuwa na mti mmoja wenye panda, mzito, nikampiga nao mvuvi wa kwanza begani na akakaa. Wa pili nilimpata kwenye goti. Nilikuwa natukana kwa Kihaya na Kiswahili, matusi ambayo sikujua ninayo. Jiwe likanipata mgongoni. Mtu akanishika nywele, nikageuka, na hapo ndipo mpini wa panga uliponipata mdomoni. Sikusikia maumivu. Nilisikia kitu kigumu kwenye ulimi, nikakitema, kikaangukia kwenye majani, na damu ikashuka mpaka kifuani. Nikauokota mti tena. Nilimwona baba mdogo kwa mbele, nikaanza kumfuata yeye. Nilikuwa nakwenda kumvunja kichwa, na ningeweza.

Mama akatoka ndani. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Alipita katikati ya mapanga kama mtu anayepita sokoni, hakuna aliyemgusa, akaenda moja kwa moja mpaka kwa baba mdogo, akasimama chini ya kidevu chake.

"Shemeji, unatuma wageni?"

"Mchawi wewe! Watu wana njaa!"

"Hawa ni watu wa ziwa, hawana ukoo hapa. Wanatukatia kibanja cha mume wangu na wewe umesimama nyuma unapiga kelele kama mtoto aliyekatazwa. Tangu lini mwanaume wa ukoo huu akaazima mikono?"

Watu wakaguna. Mvuvi mmoja akacheka. Mama akapaza sauti, na mama yangu hapazi sauti, kwa hiyo kila mtu akamgeukia.

"Marehemu alikuwa anakata mwenyewe. Alikuwa mwanaume. Wewe una panga la kutembelea?"

Sasa walicheka wengi. Walevi wakaanza kupiga makofi: akate, akate, akate mwenyewe! Uso wa baba mdogo ukavimba. Akachomoa panga. Nikamrukia na mti wangu juu, na mama akanidaka gauni kwa nyuma, akanivuta kwa nguvu ambazo sikujua anazo, nikaanguka chali miguuni pake.

"Mwache," alisema. "Mwache akate."

Baba mdogo aliutafuta mgomba uliokuwa karibu naye. Ulikuwa ule wa karibu na kaburi, mkungu wake bado mchanga, ule ule aliotaka kumkatisha mama. Aliupiga mara mbili. Ukaguna, ukalala na mti wake wa kuegemeza na mafundo yake yote, mkungu ukapasukia juu ya saruji ya kaburi la kaka yake.

"Mmeona?" Mama aliwageukia majirani, si wavuvi. Alikuwa anamtazama yule mwimbaji wa kwaya machoni. "Nawauliza, mmeona? Nani amekata?"

Yule mwanamke alikuwa na jiwe mkononi. Akalishusha polepole.

Halafu wakafyeka. Wavuvi walikuwa wamesubiri ishara na sasa wameipata. Walikata kila kilichosimama. Walikata vilivyobeba na visivyobeba, wakakata machipukizi, wakakata na mibuni iliyokuwa njiani mwao, mpaka utomvu ukawa unatiririka na watu wanateleza. Nilikuwa nimekaa chini nimeshika mdomo, nalia kwa hasira. Mama alisimama amekunja mikono, akatazama yote, hakufumba macho hata mara moja. Na nilimwona baba mdogo. Alikuwa amesimama palepale, amelitazama panga lake lenye utomvu, kisha ule mkungu juu ya kaburi, kisha mama. Kipaza sauti kilikuwa kimeanguka na kukanyagwa. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba mtego alioutega kwa mkono wake, ameukanyaga kwa mguu wake.

Kikao cha ukoo kilikaa kwenye baraza ya babu mmoja, mkubwa wa ukoo wetu. Mwezi ulikuwa umerudi na wavuvi walikuwa wameshavuka kurudi Bumbire, hakuna wa kusingiziwa. Baba mdogo alizungumza kwa muda mrefu. Alizungumza juu ya uchawi, juu ya mafundo, juu ya meno ya mama, akaonyesha kovu. Babu akamsikiliza mpaka mwisho, anatafuna punje za kahawa, halafu akauliza jambo moja tu.

"Mgomba wa kwanza ulikatwa na nani?"

Majirani walioitwa kushuhudia walitazama vidole vya miguu yao. Nilitaka kusimama, mama akanibana paja. Ndipo yule mwimbaji wa kwaya akainuka, kitambaa cha kichwa kimekaa vibaya, akasema huku anatazama ukuta: "Alikata yeye. Alikata uliokuwa mchanga, akauacha chini. Mimi niliona."

"Ilikuwa hasira tu, tata," baba mdogo akamwambia babu. "Ilikuwa mambo ya kimbunga."

Babu akatema maganda ya kahawa kiganjani.

"Kimbunga gani?"

Watu wengine walicheka, lakini si wengi, maana karibu kila aliyekaa pale alikuwa na kibanja kilichonyolewa. Babu akasema waliokata kwa kuogopa upepo wasamehewe, lakini baba mdogo amekata upepo umeshapita, ameaga kibanja cha kaka yake mbele ya kijiji kizima, kwa hiyo hana neno tena. Mama atakaa mpaka Mungu amwite. Baada yake nitakaa mimi. Baba mdogo aliinuka, akapiga teke kiti, akaondoka, na mpaka leo tukikutana kanisani ananadi kuku bila kututazama.

Tulirudi nyumbani tukitembea, na mimi nilikuwa kama nimekunywa. Niliongea njia nzima, nikipuliza maneno kwenye pengo jipya la jino. Nilimuuliza mama aliliwaza lini jambo lile. Akasema tangu siku ile shemeji alipomwekea panga mkononi. Nikasema basi yeye ni kiboko.

Tulipofika aliingia kibanjani badala ya ndani. Visiki vilikuwa vimekauka juu, vimekuwa vyeusi. Ile mikungu tuliyookota siku ya vurugu ilikuwa imekwisha, mingine imeoza. Alikwenda mpaka kaburini, akaliondoa ganda moja la ndizi lililokuwa limegandia kwenye saruji, akalikwangua kwa ukucha.

"Mama, tumeshinda," nikamwambia.

Alikaa juu ya kisiki, kitenge chake cha kanisani na yote, na kwa mara ya kwanza tangu baba afariki nilimwona mama yangu akilia waziwazi, mdomo wazi, kama mtoto. Alipoweza kusema aliniuliza jioni tutapika nini. Nikageuka kutazama kwa jirani, na kwa jirani wa pili, na wa tatu, nikaona mpaka ziwani.